Mshika Uzi

Jumanne, tarehe 13 Machi 2068. Asubuhi hiyo mvua ilinyesha Tukuyu bila ngurumo, ile mvua nyembamba inayoshuka pamoja na ukungu, na mlima Rungwe haukuonekana kabisa.

Tusekile Mwaisumbe alishuka kwenye gari la hospitali ya magonjwa ya akili akiwa ameikumbatia hotipoti kifuani kama mtu aliyebeba mtoto. Gari halikuwa na dereva. Lilimwambia kwa sauti laini aangalie utelezi, naye akalijibu, "Asante, mwanangu," kama alivyozoea kuyajibu magari yote. Mdogo wake Ambakisye, aliyeshuka nyuma yake, alicheka.

"Dada, siku moja litakuomba nauli ya shule."

"Likiomba nitalipa. Angalau linanisemesha."

Ambakisye aliacha kucheka. Alijua ni nani asiyemsemesha dada yake. Akaitazama hotipoti.

"Umepika nini?"

"Mbalaga. Ndizi za maziwa anazozipenda."

"Atakula nani? Atuganile hajaomba chakula tangu enzi za marehemu shemeji."

"Daktari amesema leo ataomba."

Mlangoni walimkuta Mwinjilisti Gwantwa akikung'uta mwavuli. Alikuwa mama mnene wa makamo, aliyemfundisha Atuganile Biblia alipokuwa mdogo. Kwa tiba ya siku hiyo, sheria ilitaka mashahidi wawili, mmoja wa damu na mmoja wa imani. Wa damu alikuwa Ambakisye. Wa imani alikuwa yeye.

"Umelala?" Mwinjilisti alimuuliza Tusekile.

"Nililala nikaamka, nikalala nikaamka. Nilitaka kuomba, maneno yakakataa."

"Na mimi vilevile," alisema Mwinjilisti, akamshika mkono, wakaingia.

*

Atuganile alikuwa ameketi kando ya dirisha, kitenge begani, mikono mapajani. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja. Zamani alikuwa fundi wa mitambo ya kukaushia chai, na jioni alikuwa anaimba sauti ya pili katika kwaya iliyoongozwa na baba yake. Ugonjwa haukuanza na msiba wowote. Ulianza mwaka ambao mambo yake yote yalikuwa mazuri. Polepole aliacha kuimba, kisha akaacha kazi, kisha akaacha kuoga mpaka mama yake amwogeshe. Baba yake alipokufa, walimpeleka mazishini wamemshika mikono. Wanawake walilia kwa sauti kuzunguka jeneza, kama ilivyo desturi ya Wanyakyusa, na yeye alikaa katikati yao akiwa mkavu. Shangazi zake walisema hana uchungu. Maneno hayo yalizunguka kijiji kizima na hayajaisha mpaka leo.

"Atu, mama amekuja," alisema Tusekile. Alilowesha kitambaa, akamfuta uso. Atuganile aliachia uso wake ufutwe.

Daktari Nkwimba aliingia. Alikuwa binti wa Kisukuma, mdogo kuliko mgonjwa wake, na alikuwa na tabia ya kuvuta kiti na kukaa chini kabla ya kusema jambo zito. Alivuta kiti.

"Mama, shikamoo. Tumeshaongea, lakini sheria inataka niseme tena mashahidi wakisikia. Dawa tumezimaliza, za zamani na za sasa. Umeme tuliompitisha kichwani akiwa usingizini ulimsaidia msimu mmoja."

"Tukavuna naye viazi," alisema Tusekile.

"Mkavuna naye viazi. Halafu akarudi alikotoka. Mshauri amekaa naye sana, lakini ushauri unahitaji mtu mwenye nguvu ya kujibu. Umebaki uzi."

Uzi ulikuwa ndani ya kisanduku cha kioo mezani. Ulikuwa mwembamba kiasi kwamba Ambakisye alilazimika kuinama ili auone. Ukipitishwa ndani ya ubongo, hushika hali ya moyo wa mtu na kuizuia isianguke. Hali hiyo hupimwa kwa namba, kuanzia sifuri mpaka kumi. Ukutani, juu ya kitanda, kioo kilionyesha namba ya Atuganile. Ilikuwa moja.

"Mimi na wewe, mama, tunapanda na kushuka kutwa nzima," aliendelea daktari. "Tatu, sita, tano, saba, wala hatujui. Uzi hauwezi kufanya hivyo. Uzi hukaa mahali pamoja. Namba utakayoiweka, ndiyo ataishi nayo. Unaweza kuigeuza mara moja au mbili. Ukizidisha, uzi unakufa, na hatuwezi kuweka mwingine."

"Kwa nini asiishike mwenyewe hiyo namba?" aliuliza Ambakisye. "Ni moyo wake."

"Wa kwanza walishika wenyewe, mjomba. Walijipandisha mpaka kumi. Mmoja walimkuta kitandani hajala siku kadhaa, anatabasamu. Ndiyo maana ikawekwa sheria ya mshika uzi." Daktari alitoa mfukoni kifaa cheusi, kidogo kama kipande cha sabuni kilichotumika, chenye gurudumu upande mmoja. "Huu ndio ufunguo. Unafuata kidole cha mtu mmoja tu. Mgonjwa anasema dari, yaani mahali ambapo hataki pazidiwe. Mshika uzi anachagua mahali pasipozidi dari hiyo, anapataja mbele ya mashahidi, basi."

"Na yeye atasemaje dari?" Tusekile aliuliza. "Mkimwuliza kitu anasema fanyeni mtakavyo."

"Ndiyo maana tuna kofia."

Kofia ilifanana na ile wanayovaa watoto wachanga, ila ilikuwa na vifundo vya chuma. Ingempandisha mpaka saba kwa muda usiofika saa moja, ili aamue akiwa na akili yake. Baada ya hapo angeshuka mwenyewe mpaka alipotoka. Haikuwezekana kurudia kwa mwaka mzima.

"Atuganile," daktari aliinama mbele yake. "Nikuvike?"

"Fanyeni mtakavyo," alisema Atuganile.

Daktari alimgeukia mama. Mwinjilisti akamgeukia mama. Hata Ambakisye. Tusekile alitaka mtu mmoja, hata mmoja, amwambie la kufanya.

"Mvike," alisema.

*

Kitu cha kwanza kubadilika kilikuwa shingo. Ilinyooka. Kisha macho yakahama kutoka dirishani, yakatembea chumbani, yakatua kwa Ambakisye.

"Mjomba! Hilo tumbo ni lako au umelibebea mtu?"

Ambakisye aliligusa tumbo lake.

"Ni langu," alisema.

"Hongera. Utajifungua lini?"

Mwinjilisti Gwantwa alicheka mpaka akashika ukuta. Tusekile hakucheka. Aliogopa kwamba akitikisika, mtoto huyu angetoweka. Ukutani namba ilikuwa saba.

"Mama, hiyo ni mbalaga? Naisikia harufu tangu niko huko chini." Atuganile alifungua hotipoti mwenyewe, akapakua mwenyewe. Alikula kwa haraka, akipuliza vidole. Kati ya tonge na tonge aliimba mstari wa wimbo wa Pasaka, sauti ya pili, bila kukosea hata noti moja.

Tusekile alipiga magoti palepale sakafuni. "Bwana, asante. Bwana, asante." Hakuwa na neno jingine.

"Inuka, mama, utapata baridi," alisema Atuganile, akacheka.

Daktari alivuta kiti. Alimweleza yote polepole, uzi, ufunguo, dari, naye Atuganile alisikiliza huku akitafuna, akauliza maswali ya kifundi kuhusu chaji na kutu, maswali mazuri ambayo daktari aliyajibu kwa furaha.

"Sasa uko saba," alimaliza daktari. "Dari yako iwe ngapi?"

"Kwani kumi hairuhusiwi?"

"Kisheria mwisho ni saba."

"Basi saba. Andika saba. Hapa ni pazuri sana, daktari. Mwanga mtupu."

Daktari aliandika. Ambakisye alipiga makofi mara moja, kama mtu aliyeshuhudia goli.

"Basi, dada! Umesikia kwa masikio yako. Saba. Weka saba twende nyumbani na binti yetu."

Tusekile aliketi karibu na mwanawe, akamshika goti. Kwa miaka mingi alikuwa ametunza maneno ya siku hii. Yalipotoka yalikuwa machache.

"Laiti baba yako angekuwepo."

"Ee, baba," alisema Atuganile. Alikuwa anatabasamu. "Alikufa. Mama, humu uliweka karanga?"

Mwinjilisti aliinua uso.

"Niliweka," alisema Tusekile.

"Nilijua! Nikasema hii ladha siyo ya maziwa peke yake."

"Atu, mwanangu. Unamkumbuka baba?"

"Namkumbuka vizuri tu. Mrefu, kikohozi, anagonga meza kabla ya sala ili atupe sauti." Aligonga meza kwa kifundo cha kidole, akatoa noti, akacheka. Tabasamu halikusogea. Lilikaa usoni vilevile kama alipokuwa anazungumzia karanga. Tusekile alimtazama machoni na kwa mara ya kwanza akaona kwamba yale macho yalimtazama kwa upendo uleule ambao yaliutazama nao mlango, na hotipoti, na mvua dirishani.

Alijiambia ni uchovu wake yeye. Mtoto anakula. Mtoto anaimba. Unataka nini tena, wewe mwanamke?

*

"Sita," alisema daktari, akisoma ukutani. "Nguvu ya kofia imeanza kuisha. Tusimguse."

Atuganile aliendelea kuzungumza, lakini sasa alikuwa anachagua maneno. Alimaliza chakula, akafuta mikono. Aliuliza habari za kiwanda. Tano. Aliuliza kama paka bado yupo. Tusekile alimwambia paka amezaa mara mbili, naye akatikisa kichwa, akasema, "Na mimi sikumwona."

Kisha akaitazama ile sehemu ya meza aliyokuwa ameigonga.

"Nne," alisema daktari.

"Mama," alisema Atuganile. "Nilikaa kando ya jeneza."

"Ndiyo, mwanangu."

"Nilikaa kando ya jeneza la baba na sikulia."

Uso wake ulikunjamana. Sauti iliyotoka haikuwa ya hospitali. Ilikuwa ile ya wanawake kuzunguka jeneza, ndefu, ya kutoka tumboni, inayoita jina la marehemu na kumwuliza kwa nini. Alimwita baba yake. Alimwuliza ni nani sasa atawapa sauti mezani. Alimwambia hakumuaga, walimshika mikono kama mfungwa, shangazi wakamsema, naye alisikia kila neno na hakuweza kufungua kinywa. Mwinjilisti alivuta kitenge chake akajifunika kichwa, kama afanyavyo mtu akiingia msibani.

Ambakisye aliruka kutoka kwenye kiti.

"Daktari! Inaharibika! Mpandishe!"

"Haijaharibika, mjomba."

"Binti analia hivi unaniambia haijaharibika? Alikuwa anaimba sasa hivi!"

"Mjomba, nyamaza," alisema Atuganile katikati ya machozi, na kwa sababu ilikuwa amri ya mtu mzima aliye ndani ya mwili wake, Ambakisye alinyamaza. Atuganile alimshika mama yake mikono miwili. Vidole vilikuwa vya moto. "Mama, ni hapa. Sikiliza kabla sijaondoka. Ni hapa hapa nilipo sasa. Kule juu hapakuwa na mtu. Wewe mwenyewe nilikuona kama picha nzuri ukutani. Ulipiga magoti nikaona mtu amepiga magoti. Sasa ndiyo nakuona. Umezeeka, mama. Nani alikuambia uzeeke?"

"Ni miaka tu, mwanangu."

"Usinipeleke kule juu. Najua nilisema. Yule aliyesema alikuwa hana baba. Uniweke hapa, hata kama nitalia kila siku. Utaniona nalia, utataka kugeuza. Nakujua. Usigeuze."

"Tatu na nusu," alisema daktari, kwa sauti ya chini.

"Niahidi, mama."

Tusekile alifungua mdomo. Aliona uso uliolowa, pua inayotiririka, mabega yanayotetemeka, na masikioni bado alikuwa na ule mstari wa wimbo wa Pasaka. Neno lilikwama.

"Mama, ni..." alisema Atuganile.

"Mbili," alisema daktari.

Mikono ililegea ndani ya mikono ya Tusekile. Haikuvutwa. Ililegea tu, ikawa nzito. Machozi yalibaki mashavuni, lakini aliyekuwa anayalia hakuwepo tena. Macho yakarudi dirishani.

"Mrudishe," alisema Tusekile. "Daktari, dakika moja tu. Nilikuwa namjibu. Nilikuwa nataka kumjibu."

"Siwezi, mama."

"Nusu dakika."

"Mama, siwezi."

*

Mvua ilikuwa imeongezeka, na mahali fulani kwenye korido mtambo wa kufagia ulipita ukinong'ona.

"Kisheria," alisema daktari, "dari yake ni saba. Alichosema kwenye nne nimekisikia, lakini sheria haikihesabu. Sheria inasema chini ya tano mtu hasemi kwa hiari yake, ni ugonjwa unaosema."

"Basi imekwisha," alisema Ambakisye.

"Haijakwisha. Dari ni saba. Mahali, hapo au chini yake, atapasema mama."

"Akikaa nne ataishi vipi?" aliuliza Mwinjilisti.

Daktari alivuta kiti, akakaa. "Sitakudanganyeni. Ataamka, ataoga mwenyewe, huenda akarudi kazini nusu siku. Atalia mara nyingi. Siku mbaya zitakuwepo na itabidi awe na mtu karibu. Saba hana siku mbaya hata moja. Wengi wa wagonjwa wangu wako sita au saba. Familia zao zinaniletea mahindi mabichi kunishukuru."

"Unaona?" Ambakisye alimgeukia dada yake. Sauti yake ilikuwa imepasuka. Alikuwa anampenda mpwa wake, na hilo Tusekile alilijua. "Dada, umemuogesha miaka yote hii. Alikuwa anakuomba umwache alale asiamke. Leo Mungu amempa kicheko, wewe ukamwekee kilio? Watu watakuelewaje?"

"Alisema ni hapa," alisema Tusekile.

"Alisema saba pia! Ni yupi kati yao mtoto wako?"

Swali hilo ndilo alilokuwa amefikia Tusekile mwenyewe, na kulisikia kwa sauti hakukumsaidia. Alimgeukia Mwinjilisti.

"Niambie Mungu anataka nini."

Mwinjilisti Gwantwa alikuwa bado amejifunika kitenge.

"Nimekuja na Biblia kwenye mkoba," alisema, "na nimeogopa kuitoa, mama Atu. Nikisema nne, nitakuwa nimekuambia mwanao alie. Nikisema saba, nitakuwa nimekuambia umzime. Siwezi kumsemea Mungu leo. Naweza kusimama hapa na kusikia utakachosema, na kukukumbusha. Hilo tu ndilo ninaloliweza."

Tusekile aliinama akaokota kile kitambaa, akamfuta Atuganile machozi yaliyoanza kukauka. Yalikuwa ya chumvi kama machozi yoyote; alijua kwa sababu, bila kufikiri, aligusa kidole kwenye ulimi, kama alivyokuwa akifanya wakati binti huyu alikuwa mchanga, kupima kama kweli analia au anadeka.

"Atu, unanisikia?"

"Ee."

"Nifanye lipi?"

"Fanyeni mtakavyo."

Aliomba. Aliomba akiwa wima, macho wazi, kwa sababu hakuwa na nguvu ya kuyafumba. Bwana, mimi ni mjinga. Nimeanza kusoma uzeeni, najua kusoma jina lako na majina ya dawa. Ungeniwekea alama. Hata ndogo. Mvua iliendelea. Hakuna alama iliyokuja. Kilichokuja ni kumbukumbu ya vile vidole vya moto, na ile sauti ikimwuliza nani alimwambia azeeke. Kwenye saba hakuna aliyemwuliza hivyo.

Alijua pia jambo jingine, na lilimtisha kuliko yote. Ufunguo ungekaa nyumbani kwake, kwenye kabati la vyombo. Kila siku mtoto akilia, ufunguo ungekuwa palepale, na gurudumu ni jepesi.

"Mama," daktari alisema. "Mpasuaji anasubiri. Sio lazima leo."

"Kesho nitakuwa na akili zaidi?"

Tusekile alinyoosha mkono.

"Nipe hicho kitu."

Daktari alimwekea ufunguo kiganjani. Ulikuwa mwepesi mno. Daktari aliwasimamisha mashahidi, mmoja kulia, mmoja kushoto, akamweleza namna ya kusema: jina lake, jina la mgonjwa, namba, na ahadi, kwa sauti ya kusikika. Ambakisye alikuwa anamtazama kwa macho mekundu, midomo ikitengeneza neno saba bila sauti. Mwinjilisti alifunua kichwa.

Tusekile alimgeuza Atuganile taratibu kutoka dirishani, ili wakae uso kwa uso, ingawa macho ya binti hayakumfuata.

"Mimi ni Tusekile Mwaisumbe," alisema, kisha akaanza tena kwa nguvu zaidi. "Mimi ni Tusekile Mwaisumbe, mama yake Atuganile. Naushika uzi wake mbele ya Mungu, mbele ya mdogo wangu Ambakisye, mbele ya Mwinjilisti Gwantwa. Mwanangu, sikukujibu uliponiomba. Nakujibu sasa. Utalia, na mimi nitakaa kando yako unapolia, na nikitamani kugeuza, nitamwita Mwinjilisti aje anishike mkono. Sitageuza. Naahidi nne."